Bendera mpya ya Minnesota: kalamu ya mwisho ilikuwa mkononi mwa nani?

Kifungu cha 4 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 kinaitaka kila kaunti ya Kenya iwe na bendera iliyowekwa kwa sheria. Kamati tekelezi ya kaunti ndiyo huandaa alama hizo kwa njia ya mashauriano, kisha bunge la kaunti huziidhinisha na kuzitungia sheria. Kifungu hichohicho kinakataza alama ya kaunti kufanana na alama za taifa. Sheria inaishia hapo. Mashauriano yachukue muda gani, nani achuje michoro, nani aruhusiwe kuurekebisha mchoro ulioshinda na kwa kiasi gani, yote hayo ameachiwa katibu wa kaunti na wenzake.

Ndiyo maana inafaa kusoma kwa makini yaliyotokea Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani lenye kaunti 87, ambalo mwaka 2023 liliamua kubadilisha bendera na muhuri wake. Nyaraka za kazi hiyo ziko wazi, michoro yote ilionyeshwa hadharani, na makosa yake yanaonekana bila kutafutwa sana. Bendera iliyopatikana ni nzuri, na tutasema kwa nini. Lakini miezi michache baada ya uamuzi, bodi ya Crow Wing County ilipitisha azimio la kuipinga na kutaka wananchi wapige kura, na kaunti nyingine zikafuata njia hiyohiyo. Swali la kisa hiki ni moja: watu waliitwa, wakaja kwa maelfu, wakachora, kwa nini basi wengi walihisi hawakuulizwa?

Bendera ya 1893 na uzito wake

Bendera ya kwanza ya Minnesota ilichorwa na Amelia Hyde Center wa Minneapolis, ikatariziwa na dada wawili wenye asili ya Norway, Pauline na Thomane Fjelde, na ikaonyeshwa katika maonyesho makubwa ya Chicago mwaka 1893. Ilikuwa na pande mbili tofauti, mbele nyeupe na nyuma buluu. Kila anayeijua kazi ya bendera ataona shida papo hapo. Pande mbili zisizofanana zinadai vitambaa viwili vishonwe mgongo kwa mgongo, na mara nyingi tabaka la tatu katikati ili rangi ya upande mmoja isipenye upande wa pili. Bendera inakuwa nzito, haipepei kwa upepo mdogo, hujikunja kwenye mlingoti, na bei yake hupanda. Mwaka 1957 jimbo liliachana na mpango huo, likachukua bendera ya buluu pande zote.

Kilichobaki katikati ya buluu hiyo kilikuwa muhuri wa jimbo: mkulima aliye peku akilima kwa plau, bunduki imeegemezwa kwenye kisiki, na mwenyeji wa asili juu ya farasi akienda zake. Kuuzunguka kulikuwa na nyota 19, kwa kuwa Minnesota ilikuwa jimbo la 19 kujiunga na Muungano baada ya yale 13 ya mwanzo, pamoja na shada la maua, miaka mitatu, maneno ya Kifaransa na jina la jimbo. Ukiwa umbali wa mita 30 huoni hata kimoja. Unaona doa la rangi nyingi juu ya buluu, kama bendera za majimbo mengine kadhaa ya Marekani. Mwaka 2001 chama cha wataalamu wa bendera cha Amerika Kaskazini kiliwataka watu wapange bendera 72 za Marekani na Kanada kwa ubora wa muundo. Minnesota ilishika nafasi ya 67.

Kulikuwa na malalamiko ya aina mbili, na ilikuwa kosa kubwa kuyachanganya. La kwanza ni la muundo: muhuri umetengenezwa ukae kwenye karatasi, usomwe ukiwa mkononi, wala si kupepea. La pili ni la maana: kwa Wadakota na Waojibwe, wenyeji wa asili wa eneo hilo, picha ya mkulima anayelima huku mwenyeji akiondoka ni hadithi ya kunyang'anywa ardhi iliyogeuzwa pambo. Aliyeipenda bendera ya zamani angeweza kukubali hoja ya kwanza na bado akakasirishwa na ya pili, au kinyume chake. Kila hoja ilistahili kuelezwa peke yake kabla ya mtu yeyote kuombwa achore. Haikuelezwa hivyo, na mjadala wa baadaye ukawa watu wanajibizana juu ya mambo mawili tofauti wakidhani wanabishania moja.

Tume na maagizo yake

Bunge la jimbo liliunda tume mwaka 2023. Wajumbe wenye kura walikuwa 13. Wabunge wanne waliongezwa bila kura. Ndani ya tume kulikuwa na wawakilishi wa Wadakota na Waojibwe, wa mabaraza ya watu wenye asili ya Afrika, Amerika ya Kilatini na Asia, watu wa historia na sanaa, na katibu wa jimbo, Steve Simon. Mwenyekiti alikuwa msanifu, Luis Fitch.

Sheria iliyoiunda tume ilikuwa na sentensi mbili ambazo kaunti yoyote ingefaa kuzinakili. Ya kwanza ilitaka michoro iakisi kwa usahihi na heshima historia ya pamoja, maliasili na jamii mbalimbali za jimbo. Ya pili ilikataza alama au sura inayowakilisha jamii moja pekee au mtu mmoja, iwe imechorwa halisi au kwa mtindo. Sentensi hiyo ya pili iliokoa kazi nyingi. Ilifunga mlango kabla mtu hajagonga: hakuna picha ya shujaa wa upande huu, hakuna vazi la kabila lile. Fikiria kaunti yenye wafugaji, wakulima na wavuvi, ambako kila kundi lina ngao yake, mkuki wake au mtumbwi wake. Bila katazo kama hili, kamati hujikuta inaweka ngao, jembe na mtumbwi kwa pamoja ili asikasirike mtu, na bendera inageuka orodha ya wageni waalikwa.

Sheria hiyo ilikuwa na kasoro moja nzito, nayo ni tarehe. Tume ilikutana kwa mara ya kwanza Septemba 2023 na ilitakiwa kukabidhi kazi kufikia 1 Januari 2024. Miezi minne tu, kwa bendera na muhuri kwa pamoja. Mlango wa kupokea michoro ulifungwa 30 Oktoba. Bunge lilijiwekea nafasi ya kukataa, lakini lisipofanya lolote michoro ingeanza kutumika yenyewe tarehe 11 Mei 2024, siku ya kumbukumbu ya Minnesota kuwa jimbo mwaka 1858.

Kutoka elfu mbili hadi sita

Ilikuja michoro zaidi ya 2,000 ya bendera, na karibu 400 ya muhuri. Wapo waliotuma picha za mbwa wao. Wapo waliochora loon, yule ndege wa maji mweusi mwenye madoa meupe ambaye ni ndege rasmi wa jimbo, akitoa miali machoni. Wapo watoto wa shule, na wapo wasanifu wa kazi. Tume ilifanya jambo la busara sana: iliweka michoro yote hadharani, kila mmoja na namba yake. Mchoro ulioshinda ulijulikana kwanza kama F1953. Namba inamlinda mchoraji asipendelewe wala kuchukiwa kwa jina lake, na kuonyesha kila kitu kunazima uvumi kwamba kuna michoro iliyofichwa kabatini.

Shida ya wingi huo ni ya hesabu tu. Mjumbe akitumia nusu dakika kwa kila mchoro, michoro 2,000 inamla saa 16 na zaidi, kabla hajarudia hata mmoja. Hapo ndipo mchujo unapohitaji ngazi. Ngazi ya kwanza ni ya kanuni, na anaweza kuifanya mtumishi yeyote mwenye orodha: mchoro una maandishi? Una picha ya mtu? Unafanana na bendera ya taifa? Unaondolewa, na sababu inaandikwa kwenye daftari mbele ya namba yake. Ngazi ya pili ni ya macho: kila mjumbe peke yake, bila kushauriana, anachagua michoro kumi. Uliochaguliwa na wajumbe watatu au zaidi unasonga mbele. Wajumbe wakishauriana mapema, mwenye sauti kubwa ndiye anayechagua kwa niaba ya wote.

Ngazi ya tatu hurukwa na wengi, nayo ndiyo inayofichua mengi kuliko zote: kuutoa mchoro kwenye skrini. Uchapishe kwa upana wa sentimita tatu, kama utakavyoonekana kwenye beji au kichwa cha barua. Utoe fotokopi ya rangi nyeusi na nyeupe. Rangi mbili zikigeuka kijivu kimoja, hazina tofauti ya mwanga ya kutosha na jioni zitameza mpaka wao. Ushone kwa kitambaa cha bei rahisi, uutundike siku isiyo na upepo. Bendera inapolala huonekana kona ya juu upande wa mlingoti tu. Kama maana yote iko katikati au mwisho wa kitambaa, bendera hiyo ni bubu nusu ya mwaka. Kisha mpe mtoto wa miaka kumi aitazame kwa dakika moja, uifiche, umwambie aichore. Akikosea idadi ya miale, mchoro una miale mingi mno.

Mwishoni mwa Novemba tume ilitangaza bendera sita za mchujo wa mwisho, na maoni ya umma yakamiminika kwa maelfu. Zote sita zilikuwa na nyota, na nyingi zilikuwa na mawimbi au milia ya maji na theluji. Kwa jimbo linalojiita nchi ya maziwa 10,000 na Nyota ya Kaskazini, ni jambo la kutarajiwa.

Siku chache za Desemba

Hapa ndipo penye kisa chenyewe.

Katikati ya Desemba tume ilichagua F1953, kazi ya Andrew Prekker wa mji wa Luverne. Upande wa mlingoti palikuwa na umbo la buluu iliyokoza, ukingo wake ukiwa umekatwa kwa namna inayokumbusha ramani ya Minnesota, na ndani yake nyota nyeupe yenye ncha nane. Sehemu iliyobaki ilikuwa na milia mitatu ya mlalo: nyeupe, kijani na samawati. Watu walikuwa wameiona, wameizoea, wameitetea au kuipinga kwa karibu mwezi mzima.

Tarehe 19 Desemba tume ilipitisha bendera nyingine. Milia mitatu iliondolewa yote, na mahali pake pakawekwa samawati tupu. Nyota ilinyooshwa upya, ikakaa ncha moja ikielekea juu, kaskazini. Kura zilikuwa 11 kwa 1.

Kwa jicho la muundo, mabadiliko hayo tunayatetea moja baada ya jingine. Rangi zimepungua kutoka nne hadi tatu. Samawati tupu inasema maji kwa uwazi kuliko mlia mmoja wa samawati uliobanwa na mingine. Nyota iliyonyooka inasomeka kama dira, na ncha zake nane zinaitikia nyota iliyo kwenye sakafu ya ukumbi wa kati wa jengo la bunge la jimbo huko Saint Paul. Ukingo uliokatwa unaonekana vizuri zaidi unapokutana na rangi moja. Fundi anaishona kwa vipande vitatu badala ya vitano.

Kwa jicho la mashauriano, hicho ndicho kipindi kibaya kuliko vyote. Maoni yaliyokusanywa kwa wiki kadhaa yalihusu bendera yenye milia. Bendera iliyopitishwa, isiyo na milia, haikuwahi kuwekwa mbele ya umma kwa muda wa maana. Aliyeandika barua kusema anaupenda ule mlia wa kijani kwa sababu ya mashamba na misitu yake aliamka akaukuta umeondoka, na sababu za kuondoka kwake zimo kwenye rekodi za mikutano ambazo ni wachache wenye nafasi ya kuzitazama. Hakudanganywa, na tume ilikuwa na mamlaka kamili ya kurekebisha. Lakini hakuwa ametayarishwa, na mtu asiyetayarishwa huhesabu marekebisho kuwa hila.

Kulikuwa pia na jambo ambalo msomaji wa Afrika Mashariki ataliona haraka. Milia ya samawati, nyeupe na kijani pamoja na nyota nyeupe iliwafanya baadhi ya watu waseme mchoro ule unafanana na bendera ya Puntland, jimbo la Somalia, ambayo tangu 2009 ina samawati juu yenye nyota nyeupe, nyeupe katikati na kijani chini. Minnesota ndiko kwenye jamii kubwa kuliko zote ya Wasomali nchini Marekani, na baadhi ya maneno hayo yaliwalenga wao, watu ambao hawakuwa wamechora lolote. Kufanana huko kulikuwa kwa rangi ambazo nusu ya dunia inazitumia. Ila ni jambo ambalo hugunduliwa kwa saa mbili za kazi: unachukua michoro ishirini ya mwisho, unaitafuta kwa picha mtandaoni, unailinganisha na bendera za nchi, majimbo, miji, vyama na vilabu, unaandika matokeo, unayatangaza wewe mwenyewe. Kufanana kukitangazwa na tume yenyewe pamoja na maelezo yake ni taarifa. Kukigunduliwa na mpinzani, kunakuwa silaha, na anayeumizwa nayo mara nyingi ni jirani asiyehusika.

Kura ambayo haikupigwa

Mississippi ilipobadilisha bendera yake mwaka 2020 nayo iliunda tume, ya watu tisa, na ikapokea michoro takriban 3,000. Tofauti ilikuwa mwishoni. Mchoro mmoja, wenye ua la magnolia, ulipelekwa kwa wapiga kura tarehe 3 Novemba 2020, na takriban asilimia 73 wakaukubali. Bendera hiyo ina maandishi, kwa kuwa sheria iliamuru yawepo, na kwa kanuni za muundo hilo ni doa. Lakini tangu siku ile hakuna kaunti inayoweza kusimama na kusema wananchi hawakuulizwa.

Minnesota haikuweka kura hiyo. Ndiyo maana azimio la Crow Wing County halikuhitaji kueleza sana ubaya wa nyota au samawati. Lilidai kura, na dai hilo halikuwa na jibu la kuridhisha. Sisi tunaamini bendera ya Minnesota ni bora kuliko ya Mississippi kama kitambaa, na tunaamini pia Mississippi ilifanya vyema zaidi kama serikali. Ni uchungu kusema hivyo, maana wajumbe wale 13 walifanya kazi ya uaminifu ndani ya muda ambao hawakujichagulia.

Utah ilichukua njia nyingine. Iliposaini sheria ya bendera mpya Machi 2023, iliihifadhi ile ya zamani kwa sheria kama bendera ya kihistoria, inayoruhusiwa kupandishwa bado. Mzee aliyezikiwa kaka yake chini ya bendera ya zamani hakuambiwa aitupe.

Kaunti yetu ifanye nini kwa kisa hiki

Kura ya maoni ya kaunti nzima ni ghali, na si lazima. Kinachohitajika ni kalamu ya mwisho kujulikana iko kwa nani kabla mchoro wa kwanza haujapokelewa. Tangazo la kuita michoro liseme waziwazi: mchoro utakaoshinda unaweza kurekebishwa, marekebisho yanahusu rangi, vipimo na kurahisisha umbo, kuongeza au kuondoa alama au rangi nzima ni mchoro mpya, na mchoro mpya unarudi kwa wananchi kwa siku 30 kabla ya kwenda bunge la kaunti. Mistari minne tu. Minnesota ingekuwa nayo, milia ingeondolewa vilevile, lakini ingeondolewa mbele ya macho ya watu.

Muda usipungue miezi kumi. Miwili ni ya kueleza kwa nini bendera inahitajika na kukubaliana maagizo. Mitatu ya kupokea. Miwili ya mchujo. Mmoja wa maonyesho kwenye wadi. Mmoja wa marekebisho na kurudi kwa umma. Mmoja wa mswada. Shule zifikiriwe: dirisha la kupokea likiangukia likizo tupu, unapoteza wachoraji wako wenye bidii kuliko wote. Fomu ikubali karatasi na kalamu za rangi kupitia ofisi ya wadi, maana ukipokea kwa barua pepe pekee unaalika mji mkuu wa kaunti na kuwaacha wengine. Fomu iwe na mstatili uliochorwa tayari kwa uwiano sahihi. Bila huo utapokea miraba, mikanda mirefu na mchoro ulioinamishwa.

Kwenye fomu hiyo pawe na sahihi ya mambo mawili: kwamba kazi ni ya mchoraji mwenyewe, na kwamba ikichaguliwa anaihamishia kaunti hatimiliki pamoja na haki ya kuirekebisha. Zawadi itajwe kwa kiasi kamili. Kaunti inayosahau sahihi hii huja kukutana na mchoraji wake mahakamani, au kugundua kwamba simba wa bendera alitolewa kwenye nembo ya kampuni ya watu.

Katika maagizo, kataza maandishi, ramani, picha za watu na alama ya jamii moja. Kisha ongeza katazo ambalo Minnesota haikulihitaji: rangi na alama za vyama vya siasa. Bendera iliyoshonwa kwa rangi za chama cha gavana ina umri wa muhula mmoja. Na kwa kuwa sheria yetu inakataza kufanana na alama za taifa, weka mipaka inayopimika: milia mitatu ya mlalo ya nyeusi, nyekundu na kijani haikubaliki kwa mpangilio wowote, wala ngao yenye mikuki miwili iliyopishana.

Uwiano wa bendera mpya ya Minnesota ni 3 kwa 5. Kaunti za Kenya zichague 2 kwa 3, ulio wa bendera ya taifa, kwa sababu ya vitendo kabisa: bendera mbili zitapepea bega kwa bega mbele ya kila ofisi, na zikiwa na kimo kimoja lakini urefu tofauti, moja huonekana kama imekatwa au imevutwa.

Jedwali la sheria ndilo linaloamua bendera itafananaje baada ya miaka ishirini. Liandikwe kwa vipimo, lisitegemee picha. Gawa kimo kwa vipande 20 na urefu kwa vipande 30, kisha eleza kila kitu kwa vipande hivyo: kitovu cha nyota kiko vipande 8 kutoka ukingo wa mlingoti na 10 kutoka juu, duara linalopita kwenye ncha zake lina kipenyo cha vipande 9, na kadhalika. Fundi wa Gikomba na kiwanda cha ng'ambo wote watapata bendera ileile. Rangi ziandikwe kwa namba za Pantone, yaani mfumo wa namba za rangi unaotumiwa na wachapaji, pamoja na thamani za chapa na za skrini, na vipande halisi vya kitambaa vilivyotiwa rangi vihifadhiwe kwenye faili ya katibu, mbali na mwanga. Sheria ikisema "buluu" tu, kila mzabuni ataleta buluu aliyo nayo dukani.

Kitambaa nacho kina maneno yake. Kwa bendera za kuchapwa, poliesta iliyofumwa ya takriban gramu 110 kwa mita ya mraba hupitisha wino hadi nyuma, kwa hiyo upande wa pili unaonekana kinyume kama kwenye kioo. Kwa umbo na nyota si tatizo. Kwa herufi ni aibu, na hii ni sababu nyingine ya kukataza maandishi. Bendera za kushona hudumu zaidi na rangi zake ni imara, ila kila kona ya umbo ni gharama ya fundi, na kona za ndani hufumuka mapema. Ukingo unaopepea ndio unaokufa kwanza, hasa kona yake ya chini. Dai pindo lenye mishono minne na pembe zilizoongezewa kitambaa. Upande wa mlingoti uwe na mkanda mzito wa turubai na vijicho vya shaba. Vya chuma hushika kutu na kuchora mstari wa kahawia juu ya nyeupe baada ya mvua mbili.

Watu hupenda kuokoa bendera iliyochanika kwa kukata ukingo na kupinda upya. Mara moja inavumilika. Mara ya pili uwiano umeharibika, nyota haiko tena mahali pake, na unapandisha bendera ambayo sheria haiijui. Kwa mlingoti wa mita 6, urefu wa bendera uwe robo ya mlingoti, yaani sentimita 150, na kimo 100. Kwa mlingoti wa mita 9, takriban 225 kwa 150. Kila mlingoti upangiwe bendera tatu kwa mwaka: moja juu, moja kwa fundi, moja ghalani. Lamu na Kilifi, ambako jua na upepo wa chumvi havipumziki, na Lodwar kwa upepo wake, wapange zaidi. Bajeti inayonunua bendera za uzinduzi pekee huacha vitambaa vilivyopauka kwenye ofisi za wadi kabla mwaka haujaisha.

Mwisho, kifungu cha mpito. Kiandike bendera mpya inaanza lini, na ofisi ambayo bado ina ya zamani, au isiyo rasmi iliyotumika tangu 2013, ina muda gani wa kubadilisha. Miezi kumi na miwili inatosha kumaliza akiba. Ya zamani inayotolewa ikunjwe na kupelekwa kwenye hifadhi ya kaunti pamoja na daftari la mchujo, michoro yote yenye namba, na faili ya vipande vya rangi. Siku bunge la baadaye litakapotaka kubadilisha, na litataka, hayo ndiyo litakayoyaomba kwanza.